Kofia Mkononi, Viatu Mlangoni

Kila mtembeza wageni wa Unguja ana pahala anapopapenda kuliko pengine, na mimi pangu ni msikiti wa kale wa Kizimkazi Dimbani. Nimeingia mle na Wajerumani, Wapolandi, Wachina, maharusi wapya na wazee waliostaafu, wengi wao wametoka baharini kuangalia pomboo na miguu bado ina mchanga. Muda wote huo kazi hii niliijua kwa upande mmoja: mimi mwenyeji, wao wageni, mimi najua viatu vinavuliwa wapi, wao wananitazama miguuni. Upande wa pili niliujua Sri Lanka, kwenye hekalu dogo la Kibudha lililojengwa mwaka 1344. Pale mgeni nilikuwa mimi.

Sikwenda kwa ajili ya hekalu. Nilipata nafasi ya mafunzo mafupi ya mdalasini, kwa sababu sisi tunaopitisha wageni kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi tunaukwangua mti kwa kisu, tunampa mgeni anuse, yeye anasema "aah!", na safari inaendelea kwenye mchaichai. Mdalasini ule hasa, asili yake ni kisiwa kile, na wachunaji wao wana ufundi wa kukaa chini ukautazama kutwa: wanakwangua ganda la juu, wanausugua ujiti kwa fimbo ya shaba mpaka gome linalegea, kisha wanalivua zima na kulipachika moja ndani ya jengine. Hayo yana siku yake. Tulikaa karibu na Peradeniya, nje kidogo ya mji wa Kandy, milimani, ambako asubuhi mtu wa Unguja anatafuta sweta.

Ijumaa moja hakukuwa na darasa. Kule kila siku ya mwezi mpevu ni sikukuu ya taifa, wanaiita Poya. Skuli zimefungwa, ofisi zimefungwa, na ulevi hauuzwi nchi nzima. Sisi tunagombana mwezi umeandama haujaandama. Wao wanausubiri ujae, hapo hakuna wa kubisha.

Nikenda kuswali Ijumaa mjini, maana Waislamu Sri Lanka wapo, karibu mmoja katika kila watu kumi. Kibla kilinipa shida. Zanzibar tumezoea kaskazini, karibu moja kwa moja. Kule wanaelekea magharibi, wamekata kidogo kaskazini, na mwili wangu ukawa unataka kugeuka wenyewe. Baada ya swala nikapata dereva wa bajaji, kijana aliyeswali safu ya nyuma yangu. Kiingereza chake na changu vilikuwa sawasawa, kwa hiyo tulielewana vizuri. Nikamwambia anipeleke pahala pa kale lakini padogo. Kandy penyewe lipo lile hekalu kubwa la Jino, linalotunza jino linaloaminiwa kuwa la Budha, na msururu wa watu niliouona nje siku ile ulinichosha kwa kuutazama tu. Kijana akanipima kwa macho: kanzu nyeupe, kofia ya viua, makubadhi. Akasema twende Gadaladeniya, na nguo ninayo tayari, kwa sababu siku ya Poya wao nao huvaa nyeupe.

Kabla bajaji haijaondoka nilimpigia simu ustadhi wangu aliyenisomesha chuoni. Kule saa nane mchana, huku saa tano na nusu, anajitayarisha kwenda msikitini. Sikutaka fatwa. Nilitaka rai ya mtu ninayemheshimu.

"Unakwenda kutazama au unakwenda kufanya?" akaniuliza.

"Kutazama tu, ustadhi."

"Wanavyuoni wamekhitalifiana katika hilo, khasa panapokuwa na masanamu, na mimi sitokuficha. Ukiona moyo wako una wasiwasi, rudi. Ukiingia, ingia kwa ruhusa yao na ufuate adabu ya nyumba. Ibada yao usiifanye. Na usiwacheke."

Kisha akaniuliza kama nimeshapata mchele mzuri huko, maana simu ya ng'ambo kwa wazee wetu haikamiliki bila ya suala la chakula.

Gadaladeniya liko nje ya barabara kuu, upande wa Pilimathalawa, katika vijiji vya mafundi wa shaba; njia nzima unapita maduka ya taa, sinia na kengele zinazong'ara. Hekalu lenyewe limekaa juu ya mwamba mtupu. Si kubwa. Mtu aliyekwisha kuona picha za mahekalu ya dhahabu ya Asia anaweza kulipita akadhani ni ghala la mawe lenye kuba. Mlangoni wenyeji wanaingia bure na mgeni anakata tiketi. Nikalipa, nikapewa kikaratasi changu, nikacheka peke yangu: safari hii mwenye uso wa dola nilikuwa mimi.

Viatu havikunipa tabu, hilo ni jambo la nyumbani. Nikavua makubadhi, nikayapanga pembeni kwa mama mmoja anayelinda viatu vya watu. Yeye hakuangalia miguu yangu kabisa. Alinionyesha kichwa.

Kofia.

Hapo nilisita. Kwetu mwanamme akiingia msikitini kichwa wazi hakatazwi, lakini mzee mmoja atamtazama kwa jicho ambalo halihitaji maneno. Tangu chuoni tumefundishwa kwa vitendo kwamba ukielekea pahala pa ibada, unavaa. Hapa unavua. Heshima ileile, imegeuzwa juu chini, na mama yule anasubiri bila ya hasira, kidole chake bado kiko juu. Nikavua. Sasa niiweke wapi? Kofia ya viua haikunjwi ikatiwa mfukoni. Hii aliishona shangazi yangu, kitundu kwa kitundu, miezi mizima ya jioni zake, na ukiiminya inapata kovu. Basi nikaivika kwenye ngumi ya mkono wa kushoto, nikazunguka nayo hekalu lote namna hiyo. Baadaye niliona faida yake: mtu ambaye mkono mmoja una kofia na mwengine uko kifuani, hakuna anayemlazimisha kushika kitu.

Kutoka mlangoni mpaka kwenye jengo unapita juu ya mwamba, peku. Saa tisa alasiri mwamba ule ungekaanga dagaa. Nilivuka kwa ncha za vidole, kanzu nimeikamata juu, na watoto waliovaa nyeupe wakacheka mpaka wakakaa chini. Bibi zao walikuwa wanatembea polepole, wamebeba trei za maua, nyayo zao hazina habari. Nafikiri hapo ndipo nilipoanza kuwaelewa wageni wangu wanaorukaruka kwenye mawe ya Kizimkazi, ambao mimi huwaambia "pole pole" kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzoea.

Kwenye mwamba wenyewe pamechongwa maandishi ya Kisinhala. Yamekaa nje, kwenye jua na mvua, tangu karne ya 14. Yanaeleza habari za kujengwa kwa hekalu: mwaka 1344, zama za Mfalme Buwanekabahu wa Nne aliyetawala kutoka Gampola, chini ya mtawa mkuu Dharmakirti, na fundi mkuu akiwa Ganesvarachari. Fundi huyu alitoka Kusini mwa India, na ukilitazama jengo hutaki kuambiwa. Nguzo za mawe, kuta za mawe, wachezaji ngoma na wapiga ngoma waliochongwa chini ya kuta, yote ni mkono wa Kihindi wa Kusini. Juu yake wakaweka kuba la matofali la Kibudha. Dini ya kisiwa, fundi wa ng'ambo, jiwe la palepale.

Nilisimama hapo kuliko pahala pengine popote. Nilikuwa nimekwisha kuisimulia hadithi hii kwa miaka, ila ya kwetu. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya Kikufi, ile khati ya kale ya Kiarabu, kwenye kibla, yamechongwa kwenye tumbawe la bahari yetu wenyewe, herufi zimesukwa na majani mpaka asiyezijua anadhani ni mapambo matupu. Yanataja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia. Wataalamu waliyalinganisha na maandishi ya Siraf, bandari ya kale upande wa Uajemi wa Ghuba. Jengo lilikuja kujengwa upya katika karne ya 18, na leo juu lina paa la bati, kwa hiyo mgeni anayetazama kutoka barabarani anaona nyumba ya kawaida na kuniuliza msikiti wa kale uko wapi. Kule nako vivyo hivyo: ukitazama kwa haraka huoni kitu. Vitu vyote viwili vinamtaka mtu asimame.

Na kuna jengine ambalo dereva wangu alilipenda mno nilipomwambia. Ibn Battuta alipita pwani yetu mwaka 1331, akafika Mombasa na Kilwa. Mwaka 1344, mwaka uleule wa maandishi ya pale mwambani, alikuwa Sri Lanka, akapanda mlima wenye alama ya unyayo, ambao Waislamu wanauita wa Nabii Adamu na Mabudha wanauita wa Budha. Wahindu nao wana wao, wa Shiva. Mlima mmoja, unyayo mmoja, na kila mtu anaupanda kwa sababu yake. Sidai kwamba alikanyaga Gadaladeniya. Lakini Mwislamu msafiri kufika katika nchi ile na kutazama, jambo hilo halikuanza na mimi wala bajaji yangu.

Ndani mna giza kidogo na harufu ya mafuta ya nazi yanayowaka. Harufu hiyo ilinivunja nguvu, maana ni ya jikoni kwetu na ya nywele za dada zangu. Sanamu la Budha limekaa mbele, miguu imekunjwa, chini ya tao lililochongwa wale wanyama wao wa hadithi, nusu mamba nusu sijui nini. Mbele yake meza ndefu imejaa maua: yungiyungi za buluu na za waridi, na yale meupe yenye moyo wa manjano. Watu wanayapanga, wanayarushia maji kidogo, wanakunja mikono, wanaondoka. Hakuna anayenusa.

Hilo nililiona mapema kwa sababu mimi ni mtoto wa Unguja. Kwetu ua lipo kwa ajili ya pua. Asumini za jioni, kikuba cha bibi harusi, mkadi kwenye kabati la nguo. Nikamuuliza dereva kwa sauti ya chini kwa nini. Akasema ua limeshatolewa sadaka, ukilinusa umelionja kabla ya mwenyewe. Halafu akamuuliza mzee mmoja aliyekuwa karibu, na mzee akaeleza zaidi, yeye akitafsiri: wakati wa kuliweka ua kuna maneno wanayoyasoma kwa Kipali, lugha ya kale ya vitabu vyao vya dini, yanayosema kwamba kama ua hili linavyonyauka, na mwili wangu nao utakwenda kwenye kuharibika. Yaani ua halikuwekwa kwa kuwa ni zuri tu. Limewekwa kwa kuwa kesho litakuwa limekufa, na aliyeliweka anajikumbusha. Sikusema kitu. Moyoni aya ya kila nafsi kuonja mauti ilikuja yenyewe, na nikaiacha ikae hapo, bila ya kumwambia mzee kwamba sisi pia tunayo, kwa sababu sikutaka kugeuza kauli yake kuwa ya kwetu.

Ubavuni mwa jengo hilohilo kuna chumba cha Vishnu, mungu wa Kihindu. Hili lilinishangaza. Watu wanatoka kwa Budha, wanazunguka, wanakwenda kwa Vishnu kuomba mambo ya dunia: mitihani ya mtoto, kesi ya shamba, safari. Dereva aliniambia kwamba kwao ni kawaida tangu zamani. Nilikaribia kusema neno, nikakumbuka usia wa simu, na nikawakumbuka pia jamaa zangu wawili watatu ambao kutoka msikitini kwenda kwa mganga kwao ni njia moja.

Alikuwapo kijana wa Kizungu aliyegeuka akalipa sanamu mgongo ili ajipige selfi. Mlinzi wa pale hakupiga kelele. Alimfuata, akamgusa bega, akamgeuza taratibu mpaka uso ukaelekea mbele, kisha akamwashiria kwamba sasa piga. Kule kulipa sanamu mgongo kwa ajili ya picha ni dharau kubwa, na wageni wamekwisha kupata matatizo ya kisheria kwa picha za namna hiyo. Nilimtazama yule mlinzi kwa wivu wa kazi. Mimi nimeshaona watu wameegemea kibla cha Kizimkazi, mgongo kwenye herufi za miaka 900, mguu mmoja umekunjwa ukutani, na nilichofanya ni kusema "samahani, tafadhali" mara nne huku picha inapigwa.

Mtawa mzee alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya mti wao mtakatifu, mbodhi, uliozungushiwa ukuta na vitambaa. Dereva akanitonya: usimpe mkono, na ukikaa kaa chini zaidi kuliko yeye. Nikaweka mkono kifuani, nikakaa kwenye ngazi. Mtawa akauliza ninatoka wapi. Zanzibar hakuijua, Afrika aliijua. Suali lake la kwanza: kwetu kuna tembo wangapi? Nikamwambia kisiwani kwetu hakuna hata mmoja, tuna kima punju kwenye msitu wa Jozani. Alisikitika kidogo, nafikiri. Kisha ikaletwa chai ya rangi na kipande cha sukari guru. Watawa wao hawali chakula baada ya adhuhuri, lakini chai kavu wanakunywa, na unauma sukari kwanza, ndipo unapiga funda. Chai niliinywa. Alipokuja msaidizi wake na uzi mweupe waliousomea, anawafunga watu kwenye kifundo cha mkono kwa baraka, niliweka tena mkono kifuani nikatikisa kichwa. Akanitazama kofia kwenye ngumi, akatabasamu, akapita kwa mtu wa pili. Hakukuwa na maelezo wala kununa. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba nzima kichwani na haikuhitajika.

Nimerudi Unguja, na kazi yangu imebadilika kwa mambo madogo ambayo wenzangu wengine wanayaona ni ushamba.

La kwanza ni mlangoni. Zamani nilikuwa nawaambia wageni habari za nguo na viatu tukiwa tumeshasimama mbele ya msikiti, jua kali, wao wamevaa vipande vya kuogelea, na mimi nagawa kanga mbilimbili huku mtunzaji wa msikiti ameshika ufunguo na uso umemsawijika. Siku hizi nasema garini, tukiwa bado tuko barabara ya Kitogani, kabla hawajaingia hata baharini. Nawaeleza nani atatufungulia, watapita wapi, nini hakiguswi, kwamba wanawake watajifunika kichwa na kwamba wanaume hawana haja ya kufanya kitu ambacho mimi sijakisema. Mtu aliyeambiwa mapema anakuja na heshima yake mwenyewe. Anayeambiwa mlangoni anakuja na aibu, na aibu haimsaidii mtu kuona kitu.

La pili, nanyamaza. Tukishaingia nasema kwamba haya ni maandishi ya mwaka 500 Hijria, huku ndiko kaskazini na ndiko kibla, na watu wa kijiji wanaswali humu mpaka leo. Kisha natoka mbele yao, nakaa karibu na mlango. Mwanzo ilikuwa vigumu mno, maana mtembeza wageni anayenyamaza anahisi hajafanya kazi aliyolipwa. Lakini Gadaladeniya hakuna aliyenieleza kitu mpaka nilipouliza, na masuali yaliyonijia hayakuwa yale ambayo ningeyajibu kama mtembeza wageni. Nani angejua kwamba mimi nitauliza habari ya kunusa ua? Wageni wangu nao sasa wananiuliza mambo ya ajabu. Mama mmoja aliuliza imamu akikohoa katikati ya swala inakuwaje. Mwengine alitaka kujua bati linapopigwa na mvua watu wanasikiaje khutba. Hayo hayamo katika kitabu chochote cha watalii, na ndiyo masuali ya mtu aliyeingia kweli.

La tatu ni makaburi ya nje. Kuna moja ambalo wenyeji husimulia kuwa ni la mcha Mungu aliyekuwa na mkono mmoja na mguu mmoja. Mapapasi wa mjini, wale vijana wanaowaandama watalii mitaani, wanaipenda hadithi hiyo, wanaiongeza chumvi mpaka mgeni anacheka. Mimi sasa nasema "husimuliwa", nawaachia, na siigizi mtu anayeruka kwa mguu mmoja, mchezo ambao uliwahi kunipatia bakshishi nzuri.

Jambo ambalo sijalimaliza liko karibu zaidi na nyumbani. Mji Mkongwe jioni unasikia kengele za hekalu la Kihindu pale Hurumzi, unaona minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu juu ya mapaa, unapita Mkunazini penye kanisa lililojengwa kwenye soko la watumwa. Hata Dar es Salaam, Upanga, lipo hekalu la Kibudha walilolianzisha Wasinhala waliokuja pwani yetu zamani, na mimi nimepita mtaa ule mara nyingi nikienda kwa binamu yangu bila ya kujua kuna nini nyuma ya ukuta. Ilibidi nipande ndege mpaka Colombo ndipo nivue viatu kwa watu ambao walikuwa majirani.

Barazani kwetu maneno hayakukosekana. Ami yangu, mtu wa swala tano na bao la usiku, aliniita siku ya pili ya kurudi kwangu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaenda moja kwa moja.

"Nasikia umeingia nyumba ya masanamu."

"Nimeingia, ami. Nimetazama, nimetoka."

"Na kofia umevua."

Nani alimwambia, sijui. Pengine mimi mwenyewe niliposimulia kwa shangazi. Nikamwambia nimevua.

"Wao wakija hapa, kanga wanavaa?"

"Wanavaa, ami."

Akasukuma kete zake, akafikiri. "Basi," akasema, na mwenzake wa bao akadakia kwamba si basi, kanga ni nguo na kofia ni alama, na mabishano yakachukua nafasi ya mchezo mpaka adhana ya isha. Ami hakunigombeza, lakini hakusema nilifanya vyema. Rafiki zangu wawili wanaamini sikupaswa kwenda, na tunakunywa kahawa pamoja. Ustadhi nilimletea mdalasini, akauonja, akasema wetu mkali zaidi.

Kinachonisumbua sasa ni ratiba. Kampuni moja ninayoifanyia kazi imeweka msikiti baada ya pomboo na kabla ya chakula, robo saa, kwa sababu pomboo hutafutwa asubuhi na wapishi wanasubiri saa saba. Watu wanafika na chumvi mwilini, nguo zimelowa, na wanaacha alama za maji kwenye sakafu ambayo watu wataswalia adhuhuri. Nimeomba tuwape nafasi ya kuoga na kubadili nguo kwanza, na msikiti uje baada ya chakula, katikati ya adhuhuri na alasiri, kwa nusu saa kamili. Nimekwisha kuzungumza na mtunzaji, naye hana tatizo; sharti lake ni kwamba nimpigie simu asubuhi, asije akawa ametoka kwenda shamba. Meneja anasema wageni watalalamika wakichelewa kurudi hotelini. Tumekubaliana tujaribu msimu huu kwa makundi ya watu wasiozidi sita, makundi makubwa yabaki na ratiba ya zamani, na kanga za akiba nitanunua mimi.